Ua la Usambara katika nyumba zetu za Lubumbashi

Mwezi wa saba hapa Lubumbashi ni baridi na vumbi. Majani ya lupango yamekauka, miti imebadilika rangi kwa udongo mwekundu. Lakini katika nyumba zetu kadhaa kuna kopo dogo mezani, lenye majani mazito ya manyoya laini na maua ya zambarau, ya waridi au meupe. Tunaliita violeti, na wengi wetu tunalidhani ni ua la Ulaya. Sivyo. Kwao ni milima ya Usambara, mkoa wa Tanga, Tanzania, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi.

Huko linaota katika nyufa za miamba yenye unyevu, chini ya miti mikubwa. Ukungu unalilowesha, jua kali halilifikii. Mtawala Mjerumani wa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Kutoka huko likaenea madirishani pa dunia nzima.

Ukijua kwao, utajua kulitunza. Linataka mwanga bila jua kali, basi dirisha la mashariki linalifaa. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba tuliondoe dirishani, maana baridi yetu inaliua. Tusiliweke karibu na mbabula, kwa moto na moshi wake. Kopo liwe dogo, lenye matundu chini. Maji yasiwe ya baridi: tuyatie katika kisahani, ua linywe nusu saa, yanayobaki tuyamwage. Likishinda ndani ya maji, mizizi inaoza. Vumbi la majani tuliondoe kwa brashi laini, si kwa kitambaa chenye maji. Watoto wakiligusa, halina sumu.

Lakini huko kwao misitu imekatwa sana kwa mashamba na mbao, na aina nyingine za ua hili zimebaki mahali padogo tu. Lililo kwenye kopo haliwezi kurudisha mwamba wake, kijito chake wala kivuli chake. Sisi tunalielewa hilo. Miombo ya kandokando ya mji wetu inageuka magunia ya makala, na ndiyo inayotupa uyoga wakati wa mvua. Hakuna dirisha litakalotutunzia uyoga.

Basi tupike kwa makala machache, tufunike sufuria, tuzime moto chakula kikiiva. Na mwenye violeti akate jani moja zima pamoja na kikonyo chake, alichomeke katika mchanga wenye unyevu, alifunike kwa mfuko mweupe. Baada ya miezi miwili au zaidi vichipukizi vitatokea, na jirani atapata la kwake bila kununua.