Gemu zangu za 2024, na ile iliyomtoa mama jikoni

Kila Desemba wakubwa wa gemu duniani hukusanyika kule Marekani wakapeana vikombe. Desemba 12, 2024 walikuwa Los Angeles, na gemu ya mwaka ikatangazwa kuwa Astro Bot, kiroboti kidogo kinachoruka-ruka ndani ya PlayStation 5. Hongera zao. Usiku huo mimi nilikuwa Lushoto nimejifunika blanketi mbili, nikajiuliza swali moja: hivi katika milima yetu yote hii, kuanzia Soni mpaka Mlalo, nani ana hiyo PlayStation 5? Kama ni wewe msomaji wangu, nitafute. Chai ya tangawizi nitakuja nayo mwenyewe kwenye chupa.

Basi bwana, nikaona isiwe tabu, na mimi nina orodha yangu. Sheria zake ni nyepesi. Gemu haikulazimika kutoka mwaka 2024, ilimradi niliicheza mwaka huo, nikaipenda, na ikanichelewesha kwenye jambo la maana angalau mara moja. Kwa sheria hiyo ya tatu nakuhakikishia zimefuzu nyingi.

Nianzie kazini. Nina kibanda cha gemu karibu na stendi ya Lushoto, runinga mbili na PlayStation 2 mbili, mojawapo inafunguka kifuniko mpaka uiwekee kipande cha tofali juu. Mashine hii Sony waliacha kuitengeneza tangu 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150, lakini pale kwangu ndiyo kwanza ina foleni. Mwenye sare ya shule haingii mpaka saa kumi jioni, na ukimtukana mwenzio baada ya kufungwa unatoka nje hata kama pesa yako haijaisha. Madogo wananiita mwalimu mkuu, wakidhani sisikii.

Gemu inayoniingizia pesa ya umeme ni ile ile, GTA: San Andreas. Oktoba 2024 ilitimiza miaka 20 tangu itoke, maana yake wateja wangu wengi imewazidi umri. Wanachofanya humo mnajua wenyewe: kuiba magari, kukimbizwa na polisi, na kumwendesha CJ baiskeli mpaka miguu imuume. Lakini nimewahi kuwauliza madogo kumi hivi, gemu hii inaanzaje, na hakuna aliyejua. Inaanza na msiba. CJ anarudi nyumbani kwa sababu mama yake ameuawa, na ukifuata vizuri mapema kabisa unakutana na nyumba tupu na picha za marehemu. Mimi mwenyewe niliicheza miaka bila kuliona hilo. Mwaka 2024 ndio nililiona, na sababu nitakwambia huko mbele.

Ya pili ni Dream League Soccer, ya kwenye simu. Hapa naomba mashabiki wa Yanga warukie aya inayofuata. Novemba 5, 2023 tulifungwa tano kwa moja, na Aprili 20, 2024 tukafungwa tena mbili kwa moja, na mimi ni Simba wa damu. Mtu wa namna hiyo utamfariji na nini? Uzuri wa gemu hii ni kwamba unaweza kuwavalisha wachezaji jezi unayotaka. Basi nikawavalisha wangu nyekundu, wale wengine kijani na njano, nikazima intaneti nisije nikakutana na mtu anayejua kucheza, nikalipa kisasi usiku kucha. Saba kwa bila. Asubuhi nikatoka kwenda kununua maandazi nikitembea kifua mbele, muuza maandazi akanikumbusha ile tano. Nikarudi ndani.

Balatro nitaipitia haraka, kwa sababu nikianza kuieleza sitamaliza. Ni ya karata, ilitoka Februari 20, 2024, ikaja kwenye simu Septemba 26 mwaka huohuo, na imetengenezwa na Mkanada mmoja anayejiita LocalThunk ambaye hata jina lake la kweli hataki kulitaja. Unapanga karata kama za poka, ila kuna majoka ambao kila mmoja ana kanuni yake ya kuvuruga hesabu, na hakuna kuwekeana pesa hata senti. Wazee wetu wanaocheza arobastini pale sokoni ningewaonyesha wangeacha kuuza viazi. Mimi iliniunguzia maharage mara mbili. Mama anasema tatu.

Sasa tuje kwenye mambo yenyewe.

Kuna gemu inaitwa Bus Simulator Indonesia, imetoka tangu 2017, na hapa Tanzania nadhani hakuna kijana mwenye simu ya batani za kugusa asiyeijua. Vijana wetu wenyewe wanachora rangi za mabasi yetu wanayaingiza humo, ukaona basi unalolijua la Dar linakatiza kwenye miji ya Java. Hiyo nilikuwa naicheza mbele ya baba.

Baba alikuwa dereva wa Fuso. Kabichi, karoti na viazi, kutoka huku juu mpaka Dar, miaka ishirini na kitu. Kama hujawahi kuishuka barabara yetu kutoka Lushoto kwenda Mombo, ni hivi: mji uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko chini kabisa tambarare kwenye joto. Kati yake ni kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, unapita Soni na maporomoko yake, na ukiwa na tani za kabichi mgongoni breki peke yake haikusaidii. Ikipata moto imekwisha. Madereva wana usemi wao: shuka na gia uliyopandia. Baba alinilea kwa usemi huo. Hata nilipomaliza kidato cha nne nikawa natafuta kazi kwa pupa, aliniambia hivyohivyo, na sikumwelewa.

Sukari ikamharibu macho, 2019 akaacha kuendesha. Jioni anakaa sebuleni, redio iko pale, na mimi pembeni na simu yangu naendesha basi la Indonesia. Kioo cha simu alikuwa hakioni vizuri. Alikuwa anasikiliza injini.

"Unashuka kwa kasi wewe. Nasikia."

"Baba, hii ni gemu."

"Hapo ungekuwa gia ya pili."

"Nimeweka inabadilisha gia yenyewe."

"Basi hilo si gari."

Halafu baada ya dakika tano anauliza tena, nimefika wapi, nimebeba nini, mvua inanyesha huko? Nikimwambia huku ni Indonesia, mzee, ananijibu mlima ni mlima. Kuna siku niliangusha basi zima na abiria korongoni, akauliza wangapi. Nikacheka. Yeye hakucheka, alisubiri idadi.

Alifariki Februari 2023. Gemu ile sikuifungua tena mwaka mzima. Siku moja 2024, usiku, nikaifungua, nikatafuta lori la Fuso nikaliweka, nikalipakia, nikashuka nalo mlima mmoja mrefu mno. Nilizima sauti. Nilishuka taratibu kiasi kwamba magari yote ya nyuma yalinipigia honi, na sikuzisikia.

Na ya mwisho, iliyo ya kwanza kwangu. Inaitwa Tales of Kenzera: Zau. Ilitoka Aprili 23, 2024. Aliyeisimamia ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, mwigizaji. Kama uliwahi kucheza Assassin's Creed Origins ya 2017, sauti ya Bayek ni yake. Huyu bwana alifiwa na baba yake, na badala ya kuandika kitabu akaanzisha studio, akaitengenezea huzuni yake gemu. Kijana Zau, mganga mwanafunzi, anamwendea Kalunga, ambaye ndiye mungu wa kifo, anaweka naye mapatano: nikikuletea roho tatu kubwa zilizokushinda, unirudishie baba yangu. Ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, kimoja cha kupigana karibu kwa moto, kingine cha kurusha kwa mbali. Anabadilisha anavyotaka, na vita yake ukiizoea inakuwa kama ngoma.

Kasoro inazo, nisikufiche. Ni fupi, maadui wanajirudia, na kuna sehemu za kuruka ambazo ukikosea kidole kimoja umekufa, unaanza tena. Wenzetu wengi waliipita wakakimbilia makubwa ya mwaka huo, na Julai 2024 studio ikatangaza kupunguza watu. Niliposoma habari hiyo niliumia kama vile nina hisa.

Lakini gemu hii ina Kiswahili, na sizungumzii maandishi tu. Wanaongea. Unachagua sauti ya Kiswahili mwanzoni, na kuanzia hapo kijana na kifo wanajadiliana kwa lugha ya nyumbani kwenu. Nina laptopu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, inachemka kama pasi ya mkaa. Niliipakua usiku kwa usiku kwa bando za kuunga-unga, nikaicheza peke yangu, spika za masikioni, mlango nimefunga. Kwa kukatikatika kwa umeme ilinichukua wiki mbili kuimaliza. Nilipomaliza nilikaa tu. Sikumwambia mtu.

Mwezi uliofuata nikaianza upya. Safari hii spika za masikioni panya alishazitafuna waya, nikacheza sebuleni kwa sauti ya laptopu. Mama alikuwa jikoni.

"Tuna mgeni?" akaniuliza.

"Hapana mama. Ni gemu."

"Gemu gani hilo linaongea Kiswahili?"

Akaja na mwiko mkononi. Akasimama nyuma yangu kama anavyosimama mtu anayetaka kukwambia uzime. Nikamweleza: huyu kijana amefiwa na baba yake, yule mzee pale ni kifo, wanapatana. Mama hakusema kitu. Akakaa juu ya mkono wa kochi, kikao cha mtu ambaye haji kukaa, na akakaa pale mpaka ugali ukashika chini.

Kesho yake alikuja bila kuitwa. Akaanza na maoni. Huyo mtoto mbona hali chakula? Huyo Kalunga mbona mpole hivyo, kifo gani kinakusindikiza na kukupa maelekezo? Nilipoanguka shimoni mara ya sita kwenye sehemu moja aliniambia nipumzike, eti kijana amechoka. Kuna ndege mkubwa wa radi mle, tulipopigana naye mama alishika bega langu kwa nguvu sijawahi.

Siku ya tatu au ya nne, katikati ya mchezo, akaanza kusimulia. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, mvua za masika, baba alishuka na mzigo na hakurudi siku tatu. Simu hazikuwepo. Siku ya pili watu walikuja kumwambia kuna lori limeanguka chini ya Soni. Alitembea kwa miguu mpaka kule, na mimba tumboni, mimba yenyewe ikiwa mimi. Alipofika akakuta lori la mtu mwingine, na mzigo wa mtu mwingine umetawanyika mpaka mtoni. Alikaa kando ya barabara, akala kipande cha karoti alichookota, akaanza kurudi. Baba alimkuta njiani akiwa anapanda na lori tupu, akafunga breki. Alisema nini? nikamuuliza. Alisema, "Panda."

Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia habari hii. Tangu msiba sisi wawili tulikuwa tunaongea habari za bei ya sukari na mlango wa choo.

Tulibakiza sehemu ya mwisho. Nilikuwa najua kilichopo mbele, yeye hajui. Nikaweka kidole kwenye batani, na mama, bila kunitazama, akauliza:

"Atampata baba yake?"

"Sijafika huko, mama."

Akanitazama usoni kwa muda.

"Na baba yako alikuwa hivyohivyo," akasema. "Kudanganya alikuwa hajui." Akasogea kwenye kochi, akakaa vizuri, akavuta khanga mabegani. "Haya, cheza."