Hatua Isiyozidi Shibiri

Katika utumishi wake wote wa ualimu wa michezo huko Isongole, wilayani Rungwe, mwandishi wa tawasifu hii alishughulishwa zaidi na swali moja dogo, yaani mguu wa mlinzi uanze kwenda wapi mpira unapoondoka, na jibu lake hakulipata katika soka wala netiboli alizofundisha, bali katika futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyeucheza.

Habari zake alizipata kwa mwalimu wa kujitolea aliyetoka Marekani. Katika mchezo huo wa watu 11 kila upande, walinzi wa mstari wa mbele, ambao kwa kawaida ni watatu au wanne, huinama mkono mmoja ukigusa ardhi, wala hawaruhusiwi kuvuka mstari wa mpira hadi snapu ifanyike, yaani mchezaji wa kati aurudishe mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Anayetangulia huigharimu timu yake yadi 5, takriban mita nne na nusu. Ndiyo maana mlinzi hufunzwa kuukodolea macho mpira na kuzipuuza kelele za mpiga pasi, ambazo mara nyingi ni mtego tu. Hatua yake ya kwanza haizidi shibiri, nayo huelekea mbele nyonga zikiwa chini, kwa sababu mguu ulio hewani hausukumi kitu, na mwenye hatua ndefu hukumbwa na mpinzani wa zaidi ya kilo 100 angali amesimama kwa mguu mmoja. Hata Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka katika raga na kujiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013, ilimbidi ajifunze mchezo huo tangu mwanzo.

Mwandishi alikuwa akifundisha kinyume. Kwa miaka kadhaa aliwahimiza mabeki wake wachupe, na uwanja uliolowa mvua za Rungwe ulipowaangusha, alivilaumu viatu, ilhali ushahidi ulikuwa kando ya barabara ya Uyole–Kasumulu, walipopakia viazi makuli: aliyebeba lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, hapandi ubao wenye tope kwa hatua ndefu.

Tangu hapo alilaza kamba ya katani shibiri moja mbele ya vidole vya wanafunzi, akahesabu kwa sauti ili kuwahadaa, na aliyeondoka kabla ya mpira alirudia. Jambo moja tu la Wamarekani hakulikubali moja kwa moja. Wao hukataza mguu kurudi nyuma kwanza, na kwa aliyeinama katazo hilo ni la haki, maana uzito wake umekwisha kulala mbele. Lakini beki wa soka aliyesimama wima, akirudisha mguu kidogo, hupata mahali pa kusukumia, na mwandishi aliwaachia mabeki wake hatua hiyo, ingawa walimu wenzake waliendelea kumbishia mpaka alipostaafu.