Mlango Uliokula Siku Mbili

Ndugu msomaji, huenda umetuona watano nyuma ya maabara wakati wa chakula cha mchana ukadhani tunacheza kamari. La hasha! Dadu yetu ina pande 20, na mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa huko Marekani mwaka wa 1974. Kila mchezaji ana mhusika wake. Mimi ndimi msimulizi: nawaeleza wanachokiona, kisha nauliza, "Mnafanya nini?"

Jibu lao, ole wangu, lilikuwa moja tu: "Tunangoja kwanza."

Mlango mmoja uliwachukua siku mbili. Waliugusa kwa fimbo ndefu. Wakatupa jiwe. Wakatega sikio. Halafu wakabishana nani atangulie, kengele ikalia. Nasi ni wa shule ya kutwa, jioni kila mtu anakimbilia matatu, kwa hivyo hizo dakika 40 ndizo zetu pekee. Siku ya pili mwenzetu mmoja alikuja na daftari la Kemia akaketi akinakili. Nikajua mchezo unakata roho.

Wengi hudhani dawa ya mwoga ni kumtisha. Mimi sikubali. Jioni, tukielekea stejini, nilimwuliza aliyezidi wote kwa uoga mbona hasogei. Akasema, "Bwana, huyu jamaa nimemtunga wiki nzima, hata jina la nyanya yake ninalo. Akifa je?"

Kumbe si uoga, ni mapenzi!

Kesho yake niliwasomea kanuni ya toleo la 2014. Mhusika akiishiwa na nguvu kwa kawaida hafi papo hapo. Kila zamu yake hurusha dadu: 10 au zaidi ni heri, chini ya hapo ni shari. Shari tatu ndizo humwua, na mwenzake akimwahi kwa dawa huinuka. Kisha nikawaambia kufuli la mlango limeliwa na kutu, na ndani kuna mtoto analia, sauti inafifia. Nani atangoja hapo?

Mwenye nyanya ndiye aliyeusukuma. Akaangushwa! Shari moja, shari ya pili. Daftari la Kemia likafungwa. Dadu ya tatu ikatua 14, tukapiga kelele hadi mwalimu wa zamu akaja kututawanya.

Mtoto bado hajapatikana. Nafasi moja ipo, ukitaka kujiunga nasi njoo Jumatatu.