Jalada Lililomsimamisha Mpita Njia

Katika Mombasa ya miaka ya 1980, vitabu vya katuni vya Marekani vilifika vikiwa vimekwisha kupita mikono mingi. Viliuzwa kando ya njia, vimetandazwa juu ya turubai pamoja na majarida makuukuu na riwaya zilizokosa kurasa. Baadhi vilikuwa na bei ya pensi kwenye kona ya juu, kwa kuwa kampuni ya Marvel ilichapa nakala maalumu za kuuzwa Uingereza. Mwandishi wa makala haya, wakati huo mwanafunzi wa shule ya msingi, alikuwa miongoni mwa waliochuchumaa mbele ya turubai hizo. Muuzaji hakukubali mtu afungue kitabu na kukisoma bure. “Nunua kwanza, mwanangu, usome kwenu,” alisema, na uamuzi wote ukabaki juu ya jalada.

Watoto wale hawakujua kwamba walikuwa wateja hasa wa aina ambayo majalada hayo yalichorewa. Kwa miaka mingi katuni za Marekani ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya dawa, kwa mtu anayepita mara moja, mwenye sarafu chache mfukoni. Jalada lilipewa nafasi ndogo sana ya kumsimamisha. Ukifuatilia mabadiliko yake toka 1938 hadi leo, utaona kwamba mara nyingi kilichobadilika kwanza ni mahali pa kuuzia, na mkono wa mchoraji ukafuata.

Action Comics toleo la kwanza, la Juni 1938, liliuzwa kwa senti 10. Kwenye jalada lake Joe Shuster alimchora mwanamume mwenye joho jekundu akiwa amenyanyua gari la kijani juu ya kichwa na kulibamiza kwenye mwamba, huku mtu mmoja akikimbia kuelekea kwa msomaji, mikono kichwani, macho yamemtoka. Jina lake, Superman, halikuandikwa popote kwenye jalada hilo. Mnunuzi wa siku ile hakujua kama huyu mwenye nguvu ni mwema au ni jambazi, wala gari limekosa nini. Alilazimika kufungua ndani. Mwaka 2024 nakala moja ya toleo hilo iliuzwa kwa mnada kwa dola milioni 6, lakini thamani yake kwa mchoraji yeyote ni lile swali ambalo picha yenyewe haijibu.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, swali liligeuka kuwa tamko. Joe Simon na Jack Kirby, wote wawili wana wa familia za Kiyahudi, walimchora shujaa Captain America akimtandika Hitler ngumi ya taya. Toleo lenye picha hiyo liliingia madukani Desemba 1940, karibu mwaka mzima kabla ya Marekani kushambuliwa Pearl Harbor na kuingia vitani. Huo ulikuwa ujasiri wa kweli, na ulitimizwa kwa wino na karatasi hafifu. Baadaye Alex Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, akayajaza majalada ya vita kwa umati wa maadui, mitambo, moto na mashujaa, hata jicho likakosa pa kutua.

Kisha likaja jalada lililoponza wenzake wote. Mwaka 1954 kamati ndogo ya Seneti ilikutana New York kuchunguza kama katuni zinawaharibu vijana. Tarehe 21 Aprili, Seneta Estes Kefauver alimwonyesha mchapishaji William Gaines jalada la Crime SuspenStories toleo la 22, lililochorwa na Johnny Craig: mwanamume ameshika shoka mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika kwa nywele kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Gaines alijibu kwamba kwa katuni ya kutisha hilo halijavuka mipaka. Lingevuka kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi, damu ionekane ikichuruzika. Jibu hilo lilimmaliza. Kabla ya mwaka kwisha wachapishaji waliunda chombo cha kujidhibiti, wakapiga marufuku maneno ya kuashiria vitisho kwenye vichwa vya vitabu, na muhuri mdogo wa idhini ukaanza kubandikwa kwenye kona ya jalada. Watoto wa Mombasa waliuona muhuri ule na kudhani ni stempu ya posta.

Marufuku hayo hayakuua ubunifu. Yaliusukuma upande mwingine. Kwa vile damu ilikatazwa, ilibidi kitendawili kifanye kazi. Bingwa wa mtindo huu alikuwa Julius Schwartz, mhariri wa kampuni ya DC, ambaye mara nyingi aliagiza jalada lichorwe kwanza, ndipo mwandishi atafute hadithi ya kulieleza. Mwaka 1951, kabla hata ya muhuri, jalada la Strange Adventures toleo la 8 lilikuwa limemwonyesha sokwe mkubwa ndani ya kizimba, akionyesha maandishi ya kusihi aaminiwe kwamba yeye ni mhanga wa jaribio la kisayansi. Schwartz mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mauzo yalipanda hadi kila mhariri akataka sokwe wake. Mwaka 1961 Carmine Infantino akachora jalada la The Flash toleo la 123: ukuta wa matofali umegawa picha pande mbili, na kila upande yuko shujaa aitwaye Flash anayekimbia kumwokoa mtu yule yule. Miaka mitano baadaye, kwenye toleo la 163, Flash anamnyooshea msomaji kiganja na kumsihi asipite bila kununua, kwani uhai wake unategemea hilo. Hakuna jalada lililowahi kusema wazi zaidi kazi yake ni nini.

Marvel ilikuja na joto la aina nyingine. Julai 1966 shujaa Black Panther alitokea kwa mara ya kwanza, kwenye jalada la Fantastic Four toleo la 52, akiruka juu ya mashujaa waliozoeleka. Mwaka 1975 Gil Kane na Dave Cockrum waliwachora mashujaa wapya wa kundi la X-Men wakipasua picha ya wale wa zamani na kutokeza mbele, na kati yao alikuwemo Storm, ambaye hadithi inasema alikutwa Kenya, akiabudiwa kwa uwezo wake wa kuleta mvua. Kwa mtoto wa Pwani, kukuta jina la nchi yake ndani ya kitabu cha aina hiyo lilikuwa jambo la kukimbilia nyumbani na kuwaeleza wakubwa.

Lakini jalada ambalo mwandishi huyu hajalisahau ni la X-Men toleo la 141, Januari 1981, kazi ya John Byrne na Terry Austin. Wolverine, mmoja wa mashujaa hao, nywele zimeanza mvi, amejibanza ukutani akimkinga mwanamke mmoja. Mwanga wa kurunzi umewamulika. Nyuma yao limebandikwa tangazo lenye nyuso za mashujaa wote, na juu ya karibu kila uso limepigwa neno la kuonyesha ameuawa au amekamatwa. Hakuna anayepigana kwenye picha ile. Hakuna ngumi wala mlipuko. Mtoto anayejua Kiingereza cha darasa la nne angeweza kuisoma nzima na kubaki na uchungu wa kutaka kujua: nani aliwaua, na hawa wawili wataponaje? Majalada mengi ya leo yamechorwa kwa ustadi mkubwa kuliko huo, ila ni machache yanayouma hivyo.

Wakati ule ule, mahali pa kuuzia palikuwa pakihama. Tangu miaka ya 1970 yalizuka Marekani maduka maalumu ya katuni, yaliyoagiza moja kwa moja na kutorudisha nakala zilizobaki. Mteja wa duka hilo hakuwa mpita njia. Aliingia akijua anachotaka. Jalada likaanza kumwambia jambo tofauti. Kwa upande mmoja uhuru wa kutomtegemea mpita njia ulizaa uzuri usio na mfano: toka 1989 Dave McKean alitengeneza majalada yote 75 ya mfululizo wa The Sandman kwa kuchanganya picha za kamera, rangi, mbao na vitu vya kuokota, na mara nyingi mhusika mkuu hakuonekana kabisa. Alex Ross, kwenye Marvels ya 1994, aliwapaka mashujaa rangi ya maji kwa namna iliyowafanya waonekane watu wa nyama na damu.

Kwa upande mwingine ulileta pupa. X-Men toleo la kwanza la 1991, la mchoraji Jim Lee, liliuza zaidi ya nakala milioni 8, na sababu mojawapo ni kwamba lilitoka na majalada matano, ili mtu yule yule anunue kitabu kimoja mara tano. Hadithi ndani haikubadilika hata herufi. Toka hapo shujaa akazoea kusimama tu, amekunja uso, misuli imemtutuka, nyuma yake hakuna kitu. Picha kama hiyo yaweza kuwekwa kwenye toleo lolote la mwezi wowote. Muhuri wa idhini nao ulififia: Marvel iliuacha mwaka 2001, DC na Archie mwaka 2011. Na sasa jalada huonekana kwanza kwenye simu, dogo kama kucha, kwa hiyo sura moja kubwa inashinda tukio lenye watu wengi.

Afrika Mashariki imekuwa na njia yake. Nairobi ilikuwa na jarida la Joe tangu 1973, la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, na Hirst alichora majalada yaliyojaa maisha ya watu wa kawaida wa mji ule. Miaka ya 1980 akaja na mfululizo wa Pichadithi, uliowaweka mashujaa kama Lwanda Magere kwenye kurasa za katuni. Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza 2010 kwa Sheng, liligawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, kwa hiyo jalada lake halikulazimika kumtoa mtu pesa.

Vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wanaochora vibonzo leo wana vifaa ambavyo Joe Shuster hangeviota, na wengi wana mkono mzuri. Ombi kwao ni moja: mkichora jalada, msimsimamishe shujaa wenu peke yake akitutazama. Mtieni kwenye jambo ambalo halijaisha, ili atakayepita asite na atake kufungua.