Nesi na Nyumbani (7): Kadi ya “OC”

Mama wenzangu, mwanangu anataka kadi ya grafiki ya gemu yenye neno “OC”. Maana yake kiwanda kimeshaipandisha kasi. RTX 3060 ya kawaida hufika megahezi 1777. Gigabyte Gaming OC hufika 1837. Nyongeza haifiki hata asilimia 4, jicho halioni tofauti.

Joto ndo utalisikia. Kadi ni ya wati 170: masaa sita ya gemu, uniti moja ya LUKU, na yote inaishia kuwa joto chumbani. Hapa Mbezi Beach, Februari, madirisha yamefungwa sababu ya mbu, mtoto atalalaje?

Nimemwambia tuchukue ya kawaida yenye feni nzuri. Hela inayobaki, stabilaiza. Na saa tatu usiku kompyuta inazimwa. Usingizi hauna OC.