Siku mbaya nayo isemwe

Kikundi chetu cha mazoezi hapa Shinyanga hukimbia alfajiri hadi Uwanja wa CCM Kambarage. Tukishanyoosha viungo, kila mmoja hueleza wiki yake: nani kapungua kilo, nani goti linamsumbua, nani hakutoka kabisa. Hakuna anayechekwa.

Mume wangu ana presha na yuko kazini mgodini, Geita. Dawa anameza, na kila jioni hutuma ujumbe kwenye kundi: "Leo nimetembea nusu saa." Siku asipoandika, wenzetu humpigia. Nusu saa mara tano ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) linamshauri mtu mzima kwa wiki.

Mzazi mwenzangu, wiki ikikushinda, sema. Walioacha kwetu, wengi walianza kwa kunyamaza.