Tusingoje Turubai la Msiba



Ukitaka kuuona umoja wa mtaa wetu, subiri msiba utokee. Kabla jua halijapanda turubai limefungwa, masufuria yamefika, kuni zimepasuliwa, na daftari la michango linazunguka. Hakuna anayeulizwa kabila wala dhehebu. Ni jambo jema, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nimekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na jioni huwatembelea wagonjwa majumbani pamoja na wanawake wa kanisa letu. Huko hujiuliza: marehemu huyu alipokuwa akiugulia chumbani, sisi tulikuwa wapi?

Mama mmoja wa mtaani kwetu alipata saratani ya mlango wa kizazi. Ilikuwa imekwisha kuenea, akarudishwa nyumbani. Familia ikaelewa kwamba hakuna tena la kufanya. Aliyebaki kumuuguza ni mke wa mwanawe, mwenye mtoto wa kunyonya na genge la mboga. Alimwogesha, alimgeuza, alikesha naye. Genge likafungwa. Siku tulipobisha hodi alisimama mlangoni, akiona haya tusiingie kwa sababu ya harufu. Ndani tulimkuta mgonjwa ameuma upindo wa kanga, asipige kelele akamwamsha mtoto.

Wapendwa, si kweli kwamba hakukuwa na la kufanya. Iko huduma iitwayo tiba shufaa. Haiahidi kuuondoa ugonjwa. Hutuliza maumivu na mateso mengine, na humtunza mgonjwa na jamaa zake kimwili, kimawazo na kiroho. Si ya saratani peke yake; wagonjwa wa UKIMWI, moyo, figo na kiharusi nao huihitaji, na inaweza kuanza mapema, sambamba na matibabu mengine. Nairobi walifungua hospisi mwaka 1990, Uganda mwaka 1993, na kwetu Hospitali ya Selian, Arusha, ilianza huduma hii mwaka 1999.

Daktari alimwandikia mama yule dawa ya kupunguza harufu, na mofini ya maji kwa maumivu. Hapo ukazuka ubishi. Kaka yake alikataa, akisema hiyo ni dawa ya kulevya, tena ya kumharakisha dada yake. Nilimweleza kwamba mofini ikipimwa na mtaalamu kulingana na maumivu haiharakishi kifo, wala haimgeuzi mgonjwa kuwa mlevi. Hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Kwa kuwa hufunga choo, hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, mpeni. Nami nitakaa hapa nione."

Siku ya tatu alimkuta dada yake ameketi kitandani, anachagua mchele.

Lakini dawa haifui shuka. Tuligawana siku. Mmoja alifua, mwingine alikaa na mgonjwa asubuhi ili binti afungue genge lake. Vijana walichota maji, akina baba wakachanga nauli ya kufuata dawa. Mama yule aliishi miezi miwili zaidi. Alipatana na mwanawe waliyekuwa hawasemezani, akaeleza mwenyewe kiwanja kigawanywe vipi, akafa amelala.

Kazi hii haihitaji cheti. Katika jimbo la Kerala, nchini India, majirani wa kawaida hufundishwa kuwatembelea wagonjwa wa mtaani mwao, na huchangia huduma hiyo kidogo kidogo. Sisi tunaojua kuchangia harusi na msiba tutashindwaje?

Katika kikao chenu kijacho ulizeni: ni nani hajaonekana ibadani miezi hii? Mwendeeni. Msikae mno, na mtakayoyaona yabaki humo humo. Msimwambie kwamba anaumia kwa kukosa imani, wala msimwachishe dawa kwa sababu mmemwombea. Kama ana maumivu, ulizeni katika kituo cha afya au hospitali ni wapi tiba shufaa inapatikana. Naye anayeuguza msimwulize habari za mgonjwa tu. Mwulizeni, "Wewe mwenyewe ulilala?"

Yule mwenye kupooza tunayesoma habari zake katika Marko sura ya 2 alibebwa na watu wanne. Mmoja peke yake asingemfikisha. Mtaani kwako yupo mama anayebeba kitanda peke yake leo. Shika pembe moja.